Elisifa Anaeli na Njia ya Masale

Mchungaji na wazee wa usharika, ukoo wa Lyimo mliompokea Elisifa kama binti na leo mnampumzisha katika kihamba chenu, shamba la mababu, ukoo wa Mtui mliomzaa, majirani wa Marangu, na ninyi wageni mliopanda huku asubuhi kutoka Soweto na Pasua, mjini Moshi, na wengine kutoka mbali zaidi, haya ndiyo maisha ya Elisifa Anaeli Mtui, mke wa Shedrack Lyimo, na yanasomwa na mdogo wake wa pekee, Gidioni, kwa sababu marehemu mwenyewe aliacha ameandika hivyo kwa mkono wake.

Gidioni alipopewa karatasi hiyo na shemeji yake Shedrack, Jumatatu tarehe 3 Machi, aliisoma mara tatu akitafuta mtego, maana hakuna hapa asiyejua kwamba ndugu hawa wawili walikuwa na shauri la ardhi katika baraza la kata, shauri lililopangwa kusikilizwa tarehe 18 mwezi huu, na mlalamikaji ni Gidioni. "Huyu ana lake jambo," alimwambia mke wake Eliona, "mtu hawezi kumkabidhi mshitaki wake historia ya maisha yake hivi hivi." Eliona akamjibu, "Baba Victoria, marehemu ana jambo gani tena? Nenda katafute tarehe." Basi akaenda kutafuta tarehe, na historia hii ndiyo aliyorudi nayo.

Elisifa alizaliwa tarehe 14 Februari 1968 katika kihamba cha Mzee Anaeli Mtui, juu kidogo ya mfereji mkubwa, akabatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 14 Aprili mwaka huo huo. Alianza darasa la kwanza mwaka 1976, akamaliza la saba mwaka 1982, na Januari 1983 akaingia sekondari, akiwa msichana wa kwanza kutoka upande huu wa mfereji kuvaa sketi ya kidato cha kwanza. Gidioni alimaliza darasa la saba mwaka 1985, naye alifaulu, jambo ambalo wengi hapa hawalijui kwa kuwa halikuwahi kutangazwa, ila Mzee Anaeli aliwaita wote wawili chini ya mgomba akasema kwamba kahawa ya mwaka ule ingemsomesha mmoja, na kwamba aliyekwisha kuanza asikatishwe. Elisifa akaendelea na shule, Gidioni akapanda mlima na mizigo ya wazungu kichwani, akiwa na miaka kumi na minne, na baadaye akawa mwongoza wageni, kazi aliyoifanya hadi magoti yalipomgomea mwaka 2016.

Marehemu alihitimu kidato cha sita mwaka 1989, akatumikia Jeshi la Kujenga Taifa, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990, na akatunukiwa shahada ya ualimu mwaka 1993. Kuanzia Machi 1994 alifundisha jiografia katika shule ya sekondari mjini Moshi, akaishi Soweto, na tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na Shedrack, wakajaliwa watoto wawili, Goodness aliyezaliwa mwaka 1998 na Godlove aliyezaliwa mwaka 2001. Alistaafu kwa hiari Februari 2023, alipotimiza miaka hamsini na mitano. Hadi hapo hakuna aliyekuwa na shaka naye, hata Gidioni, ambaye shaka ni kitu anachoamka nacho kila siku.

Shaka ilianza na miwani. Mama yao alikuwa ameacha kufungua kitabu cha nyimbo kwa miaka kama kumi, nyumba nzima ikaamini ni uzee, hadi sikukuu ya Pasaka ya mwaka 2018 Elisifa alipopita sokoni Pasua, akanunua miwani ya kusomea, akamvisha, na mama akasoma ubeti mzima kwa sauti, kisha akauliza kwa hasira ni nani aliyemwambia kwamba yeye ni kipofu. Tarehe 7 Julai mwaka huo Elisifa alifagia banda la zamani la ng'ombe, kwenye pembe ya chini ya kihamba cha baba, akapaka chokaa, akatundika ukutani chati ya herufi, akaanza kupima macho ya wazee kila Jumamosi, na watu wakaliita Chumba cha Miwani. Pembe hiyo Mzee Anaeli alikuwa amempa kwa mdomo kabla hajafariki mwaka 2011, au ndivyo Elisifa alivyosema, kwa kuwa Gidioni, kitinda mimba na mrithi wa nyumba ya baba kwa desturi yetu, hakuwepo siku hiyo, alikuwa mlimani na wageni.

Kisha wakaja wasomi. Tarehe 14 Septemba 2019 yaliingia magari saba, wakashuka wahitimu wenzake wa mwaka 1993, wote wamevaa fulana za rangi moja, wakiwa na maboksi matatu ya miwani waliyoikusanya maofisini mwao, wakapiga picha na wazee, wakala mtori wetu wa ndizi, wakaondoka kabla ya mvua. Miwani ile ilikuwa imepimwa kwa macho ya wenyewe, si ya wazee wa Marangu, na mzee mmoja aliyejaribu jozi yenye fremu nzuri alikikosa kizingiti cha mlango, akaanguka juu ya kuku. Gidioni, aliyekuwa anapogoa kahawa jirani ili aone vizuri, alijiambia kwamba kumbe ndivyo inavyokuwa, watu wanajenga jina mjini kwa kihamba cha baba yake. Mwaka ule na uliofuata, kahawa ya upande huo ilipogolewa kuliko kahawa yoyote ya Marangu.

Jambo ambalo hakuliona kutoka kwenye kahawa ni barua ambayo Elisifa aliwaandikia wenzake wiki iliyofuata, na nakala yake imepatikana kwenye faili lake, nayo inasema hivi: "Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, ila msiniletee tena vitu mlivyoacha kuvitumia. Mnacho kitu ambacho sisi huku hatuna, nacho ni kazi mliyosomea. Nipeni Jumamosi moja ya kazi hiyo, na picha tutapiga siku tukimaliza." Kundi lao la simu lilinyamaza miezi minne, wengine wakajitoa, wengine wakasema amekuwa na kiburi. Wa kwanza kujibu alikuwa Daktari Theodora, bingwa wa macho, aliyeuliza swali moja tu, kwamba je, huko kuna meza, na tangu Februari 2020 amekuwa akipanda kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, akipima, akiwatenga wenye mtoto wa jicho na kuwapeleka Moshi kufanyiwa upasuaji. Wa pili alikuwa Wakili Ildefonce, aliyesimamia usajili wa Chumba cha Miwani kuwa shirika, na hadi mwaka jana walikuwa wamefika kumi na mmoja, kila mmoja na kazi yake, na kila mgeni alianzia benchi la nje, kuandika majina ya wazee, awe mkurugenzi au nani.

Sasa tufike kwenye masale. Kwa wageni mnaotoka mbali, isale ni mmea wenye majani marefu unaouona katika kila kihamba, nao kwetu una kazi mbili kubwa, kwanza unapandwa kuonyesha mpaka, na asiye na haki haung'oi, na pili, ukimkosea mtu unamtumia jani lake kuomba msamaha, naye akilipokea hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Machi 2021 Elisifa alipanda masale kwa mistari miwili, kutoka barabarani, kupita kando ya mfereji, hadi mlangoni pa Chumba cha Miwani, na wiki hiyo hiyo Wakili Ildefonce alionekana akitembea katikati ya mistari hiyo na faili kwapani. Mistari miwili ya masale na mwanasheria, ni Mchagga gani angeona kitu kingine hapo zaidi ya kihamba kinachomegwa? Jumanne tarehe 11 Mei 2021, asubuhi, Elisifa akiwa shuleni, Gidioni alichukua jembe akang'oa mstari wa upande wa mfereji, wote. Jumamosi Elisifa aliupanda upya bila kusema neno, na ukimya ule Gidioni akauhesabu kuwa ushahidi, kwa sababu mwenye haki angepiga kelele.

Tarehe 14 Januari 2023 wakili huyo alimletea Gidioni bahasha nyumbani, akasema imetoka kwa dada yake, na Gidioni akaipokea kwa ncha za vidole, kwa kuwa aliamini bahasha ya mwanasheria haifunguliwi na mtu mwenye akili, ukiifungua umekubali. Akaiweka ndani ya sanduku lake la vifaa vya mlimani, ikiwa imefungwa, aje aitoe barazani. Elisifa alimuuliza mara moja tu, mlangoni pa kanisa, "Gidi, uliipata ile?" naye akamjibu, "Niliipata," akapita. Malalamiko yake aliyafikisha baraza la kata tarehe 6 Novemba 2024.

Wakati huo marehemu alikuwa mgonjwa tayari. Maumivu ya tumbo yalimwanza Juni 2024, na Septemba, katika hospitali ya Moshi mjini, iligundulika kuwa ni saratani ya kongosho, akatibiwa, akapata nafuu, akalazwa tena tarehe 10 Februari mwaka huu. Gidioni alikwenda kumwona mara moja, kwa kusukumwa na Eliona, akiwa na chupa ya mtori, akamkuta amefumba macho, akasimama dakika chache, akaikabidhi chupa kwa muuguzi na kurudi Marangu, njia nzima akijiambia kwamba dada yake amejifanya amelala. Elisifa alifariki Jumapili tarehe 2 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, mume na watoto wake wakiwa pembeni yake.

Jumanne iliyofuata Gidioni aliingia Chumba cha Miwani kwa mara ya kwanza tangu kipakwe chokaa, akitafuta tarehe, na kwenye daftari la wagonjwa akakuta maandishi ya dada yake, ya Jumamosi tarehe 15 Mei 2021, yanayosema kwamba Bibi Veronika aliteleza Jumatano tarehe 12 na kuvunjika kifundo cha mkono. Gidioni ni mtu wa tarehe, Jumatano hiyo aliijua, ilikuwa kesho yake baada ya jembe. Alivuka mfereji akamkuta bibi anachambua maharage, akamwamkia shikamoo, akamuuliza alianguka wapi. "Mae! Leo ndiyo unauliza?" alisema bibi. "Wakati ule sikuwa naona, mwanangu. Nilikuwa nagusa isale kwa fimbo, moja, halafu nyingine, mpaka kwa dada yako. Alizipanda kwa ajili yetu sisi, alisema isale hata kipofu anaijua, ng'ombe haili, na hakuna mtu wa kuing'oa. Hata siku isiyo ya kupima, njia yangu ilikuwa hiyo hiyo. Siku hiyo nikapiga fimbo, hakuna kitu. Nikapiga tena, hakuna. Nikajikuta ndani ya mfereji. Elisifa akaniambia, Bibi, tuseme ni utelezi." Bibi Veronika yupo hapa, leo anaona kwa jicho moja, na amekubali yasomwe.

Bado ilikosekana tarehe ya usajili, na mtu pekee wa kuulizwa alikuwa wakili, aliyejibu kwa simu kwamba tarehe hiyo imo kwenye bahasha. Alhamisi asubuhi Gidioni alifungua sanduku, akafungua bahasha, akakuta karatasi yenye mhuri wa tarehe 9 Januari 2023, inayosema kwamba pembe ile ni mali ya Gidioni Anaeli Mtui, na kwamba shirika, lililosajiliwa tarehe 22 Agosti 2022, litakaa hapo kwa ridhaa yake tu. Pamoja nayo palikuwa na kipande cha daftari la shule, kimeandikwa, "Mdogo wangu, nisamehe miaka niliyosoma peke yangu," na ndani ya kipande hicho kilichokunjwa palikuwa na jani la isale, limekauka hadi kuwa rangi ya chai. Alimtumia isale, na isale hiyo ililala miaka miwili na zaidi kati ya kamba na viatu vya mlimani, bila jibu. Gidioni ameliandika hili akilia, na anaona aibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu kwa upole, majirani wa Soweto na wa Marangu kwa kuni, maji na ndizi, na walimu wenzake. Inawashukuru wahitimu kumi na mmoja waliotoa Jumamosi zao, nao Gidioni anawaomba radhi kwa kila alichowawazia akiwa kwenye kahawa. Ninyi wengine mliosoma naye, ambao tumeona magari yenu barabarani, Gidioni bado anawatazama kwa jicho la pembeni, hawezi kuacha tabia ya miaka kwa siku tatu, ila kwenye meza ya getini, kando ya kitabu cha rambirambi, kuna daftari la Chumba cha Miwani, na anayependa aandike humo jina lake, kazi aliyosomea na Jumamosi anayokuja. Jina la kwanza limeshaandikwa, ni la Gidioni, mwongoza wageni, kila Jumamosi, kuwachukua wazee barabarani na kuwafikisha mlangoni. Shauri lililo barazani limeondolewa jana, na pembe ile itabaki na Chumba cha Miwani.

Wazee wa koo zote mbili wamemruhusu Gidioni aweke juu ya jeneza jani moja bichi, alilolikata asubuhi hii kwenye mstari ule wa upande wa mfereji, kabla udongo haujarudishwa.

Elisifa binti Anaeli, dada, pumzika kwa amani, isale yako imepokelewa.