Samaki Aelekee Mlingoti: Maisha ya Fundi Bendera

Marehemu baba yetu, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Bendera, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika nyumba ya tatu nyuma ya soko la samaki. Alikuwa mtoto wa nne wa mpishi wa melini.

Alisoma shule ya msingi iliyo karibu na bandari hadi darasa la saba. Mwalimu wake alilalamika kwamba kijana hasikii. Baba alikuwa akijitetea kwamba alisikia vizuri sana, ila alikuwa anachora.

Mwaka 1966 alianza kujifunza ushonaji kwa mjomba wake. Mwaka 1973 baraza la mji lilimpa kazi ya kushona bendera mpya yenye nembo ya mji: mnara wa taa kwa ajili ya wanaotafuta njia, ufunguo kwa maana bandari iko wazi kwa wageni, na chini yake samaki wa manjano kwenye buluu ya bahari. Karani alimweleza kwamba samaki aelekee mlingoti, kwa sababu mlingoti ndio mji, na samaki analeta riziki nyumbani. Baba akamshona mkia ukiwa mlingotini. Bendera ilipopandishwa mbele ya watu wote, msichana mmoja muuza samaki alipaza sauti: "Fundi, mbona samaki wako anatuhama? Tumemkosea nini?"

Hata karani alicheka. Baba alishona nyingine, ya vitambaa viwili vilivyoshikanishwa mgongo kwa mgongo, ili kila upande uwe na samaki wake anayerudi. Kabla ya kuipeleka barazani, alimpelekea yule msichana aikague.

"Haya, huyu sasa anakuja," msichana alisema.

"Na mimi je, nije?" baba akauliza.

Walifunga ndoa tarehe 8 Juni 1975. Mama anasisitiza kwamba hakumjibu siku ileile, nasi hatubishi.

Kwa karibu miaka hamsini, hakuna bendera iliyotoka dukani kwake kabla hajaitundika mlangoni na kuizunguka.

Tarehe 9 Februari 2023 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Bendera mpya ya baraza aliyokuwa akiishona ilikuwa imebakiza samaki wa upande wa pili tu, naye akamtaka binti yake mkubwa aimalizie. Binti aliogopa. Alizoea mashuka na sare za shule, si alama ya mji mzima. Alishona na kufumua mara nne, na kila jioni baba aliuliza kutoka kitandani: "Anaangalia wapi?"

"Mlingotini, baba."

"Hebu kahakikishe."

Jumanne tarehe 21 Machi alimaliza, lakini jicho lilikuwa kubwa kuliko la upande wa kwanza. Akataka kulifumua. Baba alilipapasa kwa mkono wa kushoto.

"Liache, mama. Huyu ataona mbali."

Alifariki Alhamisi tarehe 23, saa kumi na mbili asubuhi, usingizini.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba, ambao wanaombwa wasisogelee ukingo wa kaburi, udongo umelegea.

Bendera hiyo ndiyo inayopepea nusu mlingoti leo mbele ya ofisi ya baraza. Mkipita, izungukeni. Jicho mtaliona. Samaki, pande zote mbili, anaelekea nyumbani. Naye fundi wake apumzike kwa amani.