Vikombe vya Kuazima

Fundi cherehani alikaa kwenye basi amepakata kikapu, masikio yote yakiwa kiti cha mbele.

"Afisa wa halmashauri alikuja kwangu kuona hali yetu, ili watusaidie mapema kabla hatujashindwa hata kodi ya nyumba," mama mmoja alimwambia abiria asiyemjua. "Nikaazima makochi, nikaazima na vikombe vya maua. Akanywa chai, akasema wenye shida ni wengine."

Abiria yule alimgeukia. "Dada, na hiyo akili yako nayo ulimwazimisha nani?"

"Sasa mgeni nimkalishe sakafuni?"

Fundi alikishika kikapu kwa mikono miwili. Afisa alikuwa anakuja kwake mchana huo, na kikapuni vikombe alivyoazima kwa wifi yake viligongana basi liliposimama kituoni kwake.

"Mama, unashuka au hushuki?" konda akamuuliza fundi.