Mwaliko wa Nungunungu

Neville hakuwa na gari wala mke wala mshahara kwa kazi aliyoifanya kila jioni, na sasa, ndani ya tramu, treni ya mjini, ya Barabara ya Sydney, alikuwa akihojiwa mbele ya abiria wote.

"Ngoja nielewe," alisema Shanthi, mwandalizi wa mkutano wa waandishi wa programu huria, zile za kompyuta zinazoandikwa kwa kujitolea na kugawiwa bure, kwa sauti iliyofika viti vya nyuma. "Mgeni wetu amenyimwa viza kwa sababu barua yako ya mwaliko ilimwita Nungunungu?"

"Ndilo jina analotumia mtandaoni. Miaka tisa tunaandika programu pamoja, yeye Tehran, mimi hapa. Kwetu mtu anajulikana kwa kazi yake."

"Kwenu hakuna pasipoti, mzee wangu."

"Sheria za hao watu wa viza ndizo mbovu. Kazi yake inatumika hospitalini hapa, mwenyewe anafungiwa mlango."

"Sikatai. Lakini wewe umewasaidia kuufunga. Jina lake umeshamuuliza?"

"Jana. Anaitwa Farzaneh Moradi. Ni bibi mwenye wajukuu watatu."

"Na wewe ulikuwa unamwitaje?"

"Kijana wangu."

Mama wa kiti cha mbele aligeuka mzimamzima kumtazama.

Shanthi alicheka mpaka akafuta machozi. "Hata barua hii ya pili uliyoandika wanaweza kuikataa, ujue."

Neville alitoa barua hiyo mpya kwenye bahasha. Palipoandikwa "mwenzangu wa kazi" akaongeza kwa kalamu, "na rafiki yangu." Tramu iliposimama mbele ya posta, akalamba gundi, akaifunga bahasha, akashuka kuitumbukiza sandukuni.