Fundi Cheche Anastaafu, na Zafarani Havai Chuma

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kuwapigilia farasi viatu vya chuma katika kituo chetu, Fundi Cheche anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Karani aliponiletea karatasi aliniambia kwamba wasifu wa mstaafu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Basi mimi ni mwenzake. Nilikuwa stoo ya chakula cha farasi hapa hapa kituoni mpaka goti liliponikatalia, na miaka mingi tulitoka nyumba moja asubuhi tukaingia geti moja. Pia ndiye mwanangu wa kwanza, nimemzaa mwenyewe, kwa hiyo nikimsifu msishangae. Na nikimkasirikia mtu, msishangae pia.

Maana ukweli ni kwamba nimeombwa mimi baada ya wengine kukataa. Dereva mkuu wa magari ya farasi alisema hawezi kumsifu mtu anayewavua farasi viatu. Mwalimu wa kupanda farasi akasema hawezi kumsifu mtu aliyewapigilia farasi misumari maisha yake yote. Mtu ni huyo huyo mmoja! Kaeni chini kwanza mkubaliane kosa lake ni lipi, halafu mje mniambie.

Cheche hakukulia kwenye farasi. Alikuwa anachomelea mageti na madirisha kwenye karakana ya mjomba wake, na mageti yake mengine bado yamesimama mtaani kwetu, hayajalegea hata bawaba. Siku moja aliniletea chakula stooni akamkuta fundi wa wakati ule, marehemu Babu Koleo, anahangaika na kiatu kilichokataa kukaa sawa. Binti yangu hakujua kunyamaza, na mpaka leo hajui. Akamwambia, "Babu, kimepinda upande wa ndani." Babu Koleo akamtazama juu mpaka chini. "Kinyooshe basi, mjuaji." Binti akakiweka kwenye moto, akakigonga, kikanyooka. Kisha akainua mguu wa farasi ili akipime, farasi akamwegemea kwa uzito wake wote, na mwanangu akakaa kwenye kinyesi mbele ya kituo kizima. Chuma alikijua, farasi hakumjua. Babu Koleo alicheka hadi akashika ukuta, halafu akamwambia arudi kesho yake na nguo za kubadilisha.

Walikuwepo waliosema mwanamke hawezi kuinama chini ya tumbo la farasi. Sitawataja, wengine wamestaafu, wengine watakaa mstari wa mbele Ijumaa kwenye sherehe ya kumuaga na kupiga makofi. Wajue tu kwamba nawakumbuka sura.

Wageni wa siku nyingi hawajasahau harusi yake. Gari la farasi lililombeba bibi harusi lilifika njia panda, farasi akaacha kiatu barabarani. Dereva akataka kumwita mtu. Amwite nani? Fundi mwenyewe alikuwa amekaa nyuma amejifunika shela. Akashuka, akakunja gauni akalifunga kiunoni, akaomba nyundo, na mkwe wangu akiwa na suti yake mpya akaushika mguu wa farasi. Tulichelewa ukumbini, na gauni lile mpaka leo lina alama ya kutu pembeni, lakini farasi yule alifika na viatu vyake vyote vinne. Kama kuna mama mwingine mwenye binti wa namna hiyo, ajitokeze tupeane mikono.

Mafanikio yake ni mengi kuliko ukurasa niliopewa. Ndiye aliyejenga upya bomba la moshi la karakana baada ya sisi wote kukohoa kwa miaka. Ndiye aliyewatengenezea farasi wenye miguu iliyopinda viatu vya upana tofauti, wakatembea wakanyooka. Amefundisha mafundi ambao leo wana karakana zao wenyewe, na kila mmoja akinipigia simu kunijulia hali huniita mama. Wajukuu zangu wawili wamesoma kwa nyundo ile. Moto wake ndio uliompa jina la Cheche. Wengine wanasema ni hasira zake. Hasira amezirithi kwangu, wala sioni aibu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichemsha damu.

Kituo chetu kimegawanyika, na mnajua. Upande mmoja kuna dereva mkuu na watu wa magari, wanaotaka kila farasi apigwe chuma. Upande wa pili kuna mwalimu na watu wa uwanja wa mchanga, wanaotaka kila farasi atembee pekupeku kama alivyoumbwa. Chai hawanywi meza moja. Binti yangu aliwaambia wote neno moja: anayevuta gari kwenye lami anahitaji chuma, anayezunguka na watoto kwenye mchanga hakihitaji, na katikati yao lazima uinue mguu uangalie. Kwa neno hilo akapoteza marafiki pande zote mbili kwa siku moja.

Mwaka jana alipokwenda kumuuguza baba mkwe wake, watu wa mwalimu waliwavua viatu farasi watatu wa magari, wakawapitisha kwenye kokoto bila hata wiki ya kuzoea. Alirudi akawakuta wamesimama wanabadilisha mguu huu na ule, hakuna anayetaka kukanyaga. Nilimsikia nikiwa getini. Alimwambia mwalimu, "Wewe ungevua viatu leo, ukimbie kwenye kokoto leo, usiku ungenisimulia nini?" Mwalimu akasema asili itawaponya. Cheche akamjibu kwamba asili haikujenga barabara ile.

Watu wa magari wakashangilia, wakadhani wamempata. Hawakukaa na furaha yao. Wana desturi yao ya kuwapiga farasi wote viatu vipya kila msimu wa harusi unapoanza, hata ambao vya zamani havijaisha, ili viking'ara wageni wapige picha. Ukwato hukua polepole kama ukucha wa mtu. Ukipigilia misumari mipya kabla ya matundu ya zamani kukua yakashuka yakakatwa, unatoboa kando ya tundu, na mwaka unaofuata unatoboa kando ya hilo. Zafarani, yule farasi jike mwekundu mnayempenda nyote, kwato zake za mbele zilifikia mahali hapakuwa na pa kushika msumari. Zilimeguka kama biskuti. Cheche alimvua viatu, akamtoa kwenye magari, akampeleka kwenye malisho laini, na kila baada ya muda akawa anamsugua kwato kwa tupa taratibu. Dereva mkuu aliacha kumsalimia. Alisema fundi amehamia kwa watu wa pekupeku, na kwamba Zafarani, farasi wake bora, amegeuzwa mbuzi wa kula majani.

Zafarani anapona. Ukimtazama leo utaona ukwato mpya, mgumu na laini kama kauri, umeshuka kutoka juu mpaka nusu. Chini yake bado kuna ule wa zamani wenye matundu. Mpya ukifika chini, atakuwa na mguu wa kubeba chochote. Akipigiliwa msumari sasa, unaingia kwenye ule mbovu, ukwato unapasuka mpaka juu, na kazi yote imeharibika. Na farasi wa gari anayechechemea hapa kituoni mnajua hupelekwa wapi. Harudi.

Sasa sikilizeni alichokipanga meneja wetu. Fundi akistaafu hapa, hupiga kiatu kimoja mbele ya wageni, ndiyo desturi, hata Babu Koleo alifanya. Kati ya farasi wote wa kituo, meneja alimchagua Zafarani. Kwa nini? Kwa sababu ni mwekundu, na moshi wa chuma cha moto ukipanda juu ya manyoya mekundu picha inapendeza. Na baada ya sherehe arudi kwenye magari, msimu umefika. Cheche akasema hapana. Meneja akasema basi fundi mpya aliyekuja kuchukua nafasi yake atapiga yeye.

Halafu akaja nyumbani kwangu. Akakaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu na mkate wangu, akaniambia, "Mama, zungumza na binti yako. Ni kiatu kimoja tu."

Nikamwambia, "Mwanangu, ukitaka picha na msumari, pigilia kwenye ubao."

Akacheka. Akadhani natania. Akaniambia, "Wewe mama wewe! Tuandikie tu maneno mazuri ya kumuaga." Nimeyaandika. Ndiyo haya. Nimemwambia karani asipunguze hata moja, nami karani huyo nimemjua tangu anabebwa mgongoni.

Jumanne iliyopita ilikuwa mazoezi ya sherehe. Nilikwenda na fimbo yangu nikakaa kwenye ngazi ya stoo. Zafarani aliletwa amesafishwa, amesukwa singa za shingoni. Fundi mpya alikuwa amevaa aproni, kiatu kipo kwenye moto. Mwanangu alisimama kando amekunja mikono, na mimi nikijua jinsi anavyokunja mikono niliomba Mungu nyundo iwe mbali. Lakini farasi hapigwi kiatu bila mtu wa kumshika kichwa, na meneja akamwita dereva mkuu amshike. Nani angefurahi kuliko dereva mkuu? Alikuja anatabasamu.

Cheche akamwambia fundi mpya, "Mwenzangu, sikuzuii. Inua mguu kwanza, uangalie."

Fundi mpya akababaika, akamtazama meneja. Dereva mkuu akakosa subira. "Nipisheni," akasema, akamkabidhi mtu kamba, akainama akainua mguu yeye mwenyewe. Na dereva yule, nimseme nisimseme, ameishi na farasi. Akaukagua ukwato. Akapitisha kidole pale mpya unapokutana na wa zamani. Akabonyeza ule wa chini kwa dole gumba, kipande kikamegukia mkononi mwake.

"Tangu lini hivi?" akauliza.

"Tangu nilipokuwa nakwambia na wewe unanipa mgongo," binti yangu akamjibu.

Aliuweka ule mguu chini kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Akachukua kamba, akamgeuza Zafarani, akaanza kuondoka naye. Meneja akamwita, "Unampeleka wapi?"

"Malishoni."

"Na sherehe je?"

Dereva mkuu akasimama, akainua mguu wake wa kulia na buti lake. "Kama lazima mtu apigwe kiatu Ijumaa, nipigeni mimi."

Nilicheka mpaka fimbo ikaanguka. Lakini msidhani hasira zimeniisha, maana meneja alifuta kipengele hicho kwenye ratiba kisha akasema, mbele yangu, "Tutaona wiki ijayo, Cheche akishaondoka." Tutaona nini? Miaka thelathini na miwili amekuwa akiinama chini ya farasi wenu, mgongo wake haunyooki tena asubuhi bila kushika ukuta, na ninyi mnasubiri atoke getini mharibu kazi yake ya mwisho!

Kwa hiyo naandika hapa, mbele ya wafanyakazi wote na wageni, alichokisema dereva mkuu jioni ile alipokuja stooni kunisalimia, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu. Alisema: "Mama, hakuna mkono utakaomfunga Zafarani kwenye gari langu kabla ukwato mpya haujafika chini. Na kiatu hapigwi, maana wa kumshika ni mimi." Nimeyaandika ili asije akayasahau, na ili meneja ayasome akiwa na wageni pembeni. Fundi mpya naye alikwenda malishoni na binti yangu kesho yake, akaushika ukwato kwa mikono yake, akasema atamtengeneza kwa tupa kama alivyoelekezwa. Namshukuru kijana wa watu. Mkimsumbua, nyumba yangu anaijua.

Dereva mkuu na Cheche wamerudi kusalimiana. Jana nimewasikia wanagombana tena kuhusu farasi wa kijivu, mmoja anataka chuma miguu minne, mwingine anasema ya mbele inatosha. Hawakuafikiana. Lakini mguu waliuinua, wakautazama pamoja wakiwa wamechutama, na kwangu hiyo inatosha.

Kwa niaba ya kituo nilichokitumikia na ninachokikasirikia, naishukuru kazi ya Fundi Cheche. Tunawashukuru mkwe wangu na watoto waliovumilia nguo zinazonuka moshi na simu za alfajiri. Tunamshukuru marehemu Babu Koleo aliyemwambia arudi kesho.

Nawe binti yangu, hii ni ya kwako. Ulale hadi jua likuchome usoni. Mgongo wako upate mtu wa kuukanda, mikono yako ishike vikombe vya chai badala ya koleo. Zafarani amebaki malishoni, hana chuma, anatembea vizuri, nimemwona mwenyewe leo asubuhi. Nenda ukapumzike, mwanangu, na uishi miaka mingi yenye heri.