Chumba Kilichomsubiri Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mfanyabiashara wetu wa mbao na mfadhili mkuu wa nyumba hii, Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, wageni waalikwa mliokaa kwenye viti vyenye vitambaa, na ninyi wauguzi wenzangu mliosimama nyuma kwa sababu viti vyenye vitambaa vimekwisha: habari za asubuhi.

Nimeambiwa niseme machache, nishukuru, kisha nikabidhiwe saa ya ukutani. Kushukuru nitashukuru. Machache siahidi, maana mtu aliyenyamaza kwenye vikao tangu nywele zake zikiwa nyeusi ana haki ya kuzungumza mpaka chai ipoe. Leo mmeunganisha sherehe mbili, ya kuniaga mimi metroni wenu na ya kufungua chumba kipya, ili keki iwe moja. Sina kinyongo na keki. Kinyongo changu kiko kwingine na nitakisema, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ni muuguzi.

Kwa wageni mliofika hapa mara ya kwanza: tunawatunza wagonjwa ambao hospitali imesema haina la kuwafanyia zaidi, na nyumbani hawana wa kuwageuza kitandani. Zamani tuliishi kwa hisani ya watu wadogo. Akina mama wa sokoni walituletea sabuni za mche, na mashuka yaliyochakaa lakini yamefuliwa yakatakata. Kinyozi wa pale kona alikuja kila Jumamosi na mashine yake, akawanyoa wagonjwa bure huku akiwamwagia umbea wa mji mzima. Na mji wetu mnaujua: ukipiga chafya sokoni, unapewa pole stendi. Kisha shirika la mbali lililokuwa likitulipia dawa likasitisha msaada, na Mkurugenzi akatuletea Mtaalamu wa Wafadhili.

Sitamsema vibaya, kazi yake aliijua. Alitukalisha kwenye chumba cha kulia, akamulika picha zake ukutani, akatufundisha: acheni kuhangaika na vijisenti vya wengi, tafuteni matajiri wachache wa mji huu, watembeleeni, wasikilizeni, jueni wanapenda nini na walifiwa na nani. Hasa walifiwa na nani. "Mtu hatoi pesa nyingi kwa akili," alisema, "anatoa kwa kidonda." Nikamuuliza, "Na sisi kazi yetu si kutibu vidonda?" Watu wakacheka. Walidhani ni utani.

Mpango ulifanikiwa, nani atabisha? Dawa zilirudi, na kwa hilo nawapa heshima yenu. Tangi la maji likapata jina la mwenye kituo cha mafuta. Benchi likapata jina la mwenye duka la dawa. Kuna kiti cha magurudumu kimeandikwa jina refu mpaka nusu yake imejificha nyuma ya mgongo wa mgonjwa. Lakini akina mama wa sokoni waliambiwa wapitie geti la nyuma, eti vifurushi vyao vinaharibu mandhari. Na kinyozi aliambiwa alete barua ya maombi. Kuomba nini, jamani? Kuomba kutoa! Aliniambia pale getini, mashine yake kwapani, "Metroni, mimi nilidhani nakuja kwa ndugu zangu, kumbe nilikuwa natafuta kazi." Hajarudi tena. Siku hizi wagonjwa wetu wananyolewa siku ya kupigwa picha.

Sasa nije kwenye chumba.

Mheshimiwa, mara ya kwanza ulipofika hapa hukuja na mpiga picha. Ulikuja peke yako, vumbi la mbao kwenye nyusi, ukakaa nami kwenye benchi la korido, ukaniambia mama yako alifia kwenye chumba kisicho na dirisha, na siku zake za mwisho alikuwa akikuuliza, "Nje kumekuchaje, mwanangu?" Ukalia. Ukasema unataka mgonjwa wa nyumba hii aione asubuhi kabla hajaondoka. Nilikupenda siku ile kama mdogo wangu wa tumbo moja, nasema wazi mbele ya mkeo.

Chumba kikajengwa, na dirisha lake kubwa linaloangalia bustani. Kilikamilika kabla ya mvua. Mvua imekuja, imenyesha, imekwenda zake. Mapazia yake ameyashona mgonjwa wetu mmoja, tunamwita Fundi, kwa sababu kabla ya kuugua alikuwa fundi cherehani, na wengi wenu humu mlikwenda shule mmevaa sare alizowashonea. Wodi zimejaa, kwa hiyo Fundi analala kwenye korido. Aliyashona kwa mkono, amekaa kitandani, anashona kidogo, anahema, anashona tena. Alipomaliza pindo la mwisho hakuomba ujira. Aliniuliza, "Metroni, kikifunguliwa, mtanilaza humo?"

Nikapanda ofisini kuuliza. Nikajibiwa kwamba chumba hakiwezi kutumika kabla hakijafunguliwa rasmi. Mashuka yatachafuka. Wafadhili wengine wanakuja kukitazama, waone fedha zao zinaweza kufanya nini. Na kweli walikuja! Walipita kwenye korido, wakapita upande upande wasigusane na kitanda cha mgonjwa, wakaenda kutazama kitanda kitupu, wakasema, "Pazuri jamani."

Ufunguzi ukaahirishwa kwa kuwa Mheshimiwa umesafiri. Ukaahirishwa tena kwa kuwa Mwenyekiti anaozesha. Ukaahirishwa kwa kuwa kibao cha marumaru chenye jina lako kimekuja na ufa. Hebu nikuulize, Mheshimiwa: uliwahi kuambiwa kwamba chumba cha mama yako kimeshakamilika, na kimetiwa kufuli kwa heshima yako? Naona unamtazama Mkurugenzi. Mtazame vizuri.

Mnajua kinachoniuma? Si kwamba mlitafuta matajiri. Tajiri naye ni mtu, naye ana mama. Kinachoniuma ni kwamba mlimsikiliza mtu kwa makini mpaka mkalijua donda lake, kisha mkalitumia donda hilo kumfungia mlango mgonjwa. Fundi aliuliza habari za chumba kila siku. Wiki hii ameacha kuuliza. Wauguzi wenzangu, ninyi mnajua mgonjwa akiacha kuuliza ina maana gani.

Basi nishukuru kama nilivyoagizwa. Nawashukuru wauguzi, mmekuwa wanangu. Naishukuru Bodi kwa saa ya ukutani, na naomba itundikwe kwenye korido, maana huko ndiko watu wanakosubiri. Nakushukuru Mkurugenzi kwa kunipa kipaza sauti. Najua hutarudia kosa hilo kwa mwingine.

Ratiba inasema baada yangu Mheshimiwa atakata utepe. Utepe haupo. Nimeukata mimi alfajiri kwa mkasi wa bandeji, nikasukuma kitanda cha Fundi mpaka dirishani, nikafungua mapazia yake. Nilikuwa peke yangu, asitafutwe mwingine wa kulaumiwa. Mkurugenzi, kaa tu, mwanangu. Mlango hauna kufuli tena, ufunguo ninao mimi mfukoni, na kustaafu nimeshastaafu.

Wageni wetu, na ninyi wapiga picha, bakini hapa mle keki. Asanteni kwa kunisikiliza na kwa kunivumilia. Mheshimiwa, wewe nenda kakione chumba chako. Ukifika mlangoni, piga hodi. Fundi akikuambia karibu, ingia. Asipojibu, simama hapo nje umsubiri kidogo, kama yeye alivyokusubiri wewe.