Fundi Vijiko na Sili Iliyobaki Nusu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi magari ambaye wengi mlimwita Fundi Vijiko. Narudia, Fundi Vijiko. Alifariki majuma matatu yaliyopita, akiwa kazini, uani kwake.

Jina hilo alilipata kihalali. Kila injini ina sili ya krenki, pete ya mpira inayozuia oili isivuje. Kuing'oa ikichakaa kunataka kifaa maalumu, na fundi hakuwa nacho. Alikunja mpini wa kijiko ukawa ndoano, akaichomoa kama anatoa mwiba. "Niliingia nyumba hii na vijiko kumi na viwili," mkewe aliniambia. "Sasa tunakoroga chai kwa uma."

Sili mpya aliiingiza kwa kipande cha bomba la maji, mdomo wake kausugua kwa msasa. Anakiweka juu ya sili, anagonga polepole kwa nyundo. Sasa nisikilizeni vizuri. Sili ikikaa mahali pake, mlio hubadilika. Mwanzo mwepesi, mwisho mzito. Lakini injini zilikuwa zimemharibia masikio. Sauti ya mkewe aliisikia, tofauti ya mlio hakuisikia. Kwa hiyo mkewe alikaa jikoni, mlango wazi, akimsikilizia. "Bado," yaani endelea. "Basi," yaani imekaa, weka nyundo chini. Miaka ishirini na sita walifanya kazi hivyo.

Siku ile ya mwisho lilikuwa gari la jirani. Fundi akagonga. Mkewe akasema, "Bado." Kugonga kukakoma. Alipotoka, alimkuta mumewe ameegemea bampa, nyundo mkononi, ameshakata roho. Sili ilikuwa imeingia nusu.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mchana kweupe, kugonga kukaanza tena. Binti yao, fundi cherehani, alikimbilia uani. Hakuona mtu. Akachora mstari wa chaki kwenye ukingo wa sili, aone kama inasogea. Kesho yake mstari ulikuwa umezama.

"Nilitetemeka mpaka meno," aliniambia. "Mama hakutetemeka. Alijibu tu, 'Bado.'"

Imekuwa hivyo kila siku. Jirani analitaka gari lake, ila kuligusa hathubutu. Binti anambembeleza mama yake: "Mwambie basi, baba apumzike. Kafanya kazi maisha yake yote, hata huko tunamfanyisha?"

"Nikimwambia basi," mama humjibu, "nitabaki na nani?"

Juzi nilikwenda kuwapa pole. Tukakaa watatu jikoni. Kugonga kukaanza. Ngo. Ngo. Ngo. Mimi gari najua kupanda tu, lakini mlio ule ulikuwa mzito, umejaa, wa kitu kilichokwisha fika mwisho. Binti naye alisikia, akainamisha kichwa. Nikamtazama mama. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Alijua kuliko sisi sote.

"Bado," akasema.

Mama, na wewe binti, pokeeni pole zetu sote wa hapa studio. Mungu awape subira. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjamlaumu mama huyu, nyamazeni kidogo hapo mlipo, mmfikirie yule ambaye mngetamani kumsikia tena jikoni kwenu. Mimi neno la kumpumzisha fundi nilikuwa nalo mdomoni. Nililimeza, nikaomba chai nyingine.