Kitufe Kisichopiga Mlango

Benchi ni ubao mmoja mrefu juu ya rimu mbili za kamyo, nje ya geti la garaji ya Kampani ya migodi, pale barabara ya Musonoi inapopinda. Mama Fidélie anauza kahawa hapo, na kila mtu wa benchi ana kikombe chake cha bati kinachoning'inia kwenye msumari ukutani. Asubuhi ile, mwaka ule ambao Kolwezi iliamua kwamba mtu aliyezaliwa Kolwezi anaweza kurudishwa kwao asikowahi kufika, vikombe vyote vilishuka isipokuwa kimoja. Kilikuwa cha Kabeya. Benchi lilimwita Enda, kwa sababu ya kazi yake ya kuachanisha kamyo, yaani lori, na ramorki, tela lake. Kila mara alizungusha mkono wa chuma mpaka miguu ya ramorki ikashika ardhi, akachomoa mipira ya hewa, akavuta kufuli kwa ndoano, akainama kuangalia chini, kisha akapiga mlango wa dereva kwa kiganja, mara mbili, akasema: "Enda." Hakuna dereva aliyeondoka kabla ya neno hilo, hata mkurugenzi angepiga honi mpaka betri ife. Sasa Enda na familia yake walilala gare, kwenye stesheni, pamoja na Bakasai wengine, watu wa asili ya Kasai, wakingoja treni, na mahali pake Kampani ilikuwa imefunga kitufe chekundu cha kuachia ramorki ndani ya kamyo. Nyuma ya geti, ramorki iliyobeba unga wa mahindi wa wafanyakazi ilikuwa imelala kifudifudi, pua ardhini, unga umeufunika uwanja kama umande ulioganda wa mwezi wa sita.

Omer ndiye aliyekuwa akiendesha. Benchi lilimwita Kilometa. Alishika kikombe chake bila kunywa, kwa sababu mchana ule komisyon ya uchunguzi ilikuwa inamngoja, na komisyon haijawahi kukaa bila kumpata mwenye kosa.

— Anza tena, alisema Mukalay. Ulibonyeza buton?

Mukalay alikuwa karani wa direksyon, ofisi ya wakubwa wa Kampani. Ofisi yake ilikuwa imeishiwa karatasi, wino na hatimaye viti, lakini tai hakuivua. Alizijua komunike zote, yaani matangazo ya Kampani, kwa kichwa, ndiyo maana jina lake la benchi lilikuwa Komunike.

— Nilibonyeza, alisema Omer.

— Ramorki ikaachia?

— Ikaachia.

— Basi mashini ilitumika vizuri. Komunike ilisema vile vile: "kifaa cha kisasa cha kupunguza kazi."

— Kazi imepunguka kweli, alisema Kalumba. Kwetu imepunguka mpaka hatuioni.

Kalumba, yaani Mbolti, aliuza vipuri ambavyo wenyewe walikuwa bado wanavitafuta. Alimeza funda la kahawa, akapangusa mdomo.

— Mi naiyua ile mashini. Ni ya Bulaya. Kule udongo ni mugumu, ramorki inasimama yenyewe sawa ng'ombe. Huku kwetu chini bamekwisha kutoboa yote. Unaachia kintu hapa, kinatafuta njia ya kwenda ku Zambia.

— Lakini haikuingia mu shimo, Mbolti, alisema Mama Fidélie. Iko pale, naiona.

— Njo inatafuta, mama.

— Tata Kalumba, benchi lako limesimama juu ya ule udongo miaka yote.

— Benchi halina buton.

Mukalay alikohoa, kama anavyokohoa mtu wa ofisi kabla ya kusema jambo ambalo wakubwa wamekwisha kulisema.

— Kule direksyon banasema ingine. Banasema sabotaje, kuharibu kwa makusudi.

— Ya nani?

— Ya yule alikuwaka anashika ramorki kila siku. Mutu akishika kintu miaka kumi na tano, kintu kinamuyua. Yeye alikuwaka anazisemesha mu Tshiluba, luga ya kwao, mi mwenyewe nilisikia. Sasa ramorki imebakia hapa, inasikia tu Kifaransa cha buton. Itatii namna gani?

— Wee, alisema Kalumba, akiona nadharia yake ya udongo inapitwa. Hata ile ni kidogo. Mulitazama puwa ya ramorki inaelekea wapi? Inaelekea gare. Enda amelala kule ku kwe, pale treni inasimama, na huku ramorki inamuinamia.

— Inamusalimia, aliongeza Mukalay kwa uso wa kazi.

— Inamusalimia. Usiku banaivuta na kamba haionekane. Kamyo bado ilikuwa inaishika, asubuhi Kilometa akaachia, paf.

Omer hakucheka. Alikuwa anaukumbuka ule ukimya ndani ya kamyo. Alikaa, mikono juu ya usukani, akingoja, kama mtu anayengoja sala iishe ndipo ale. Kitufe kilikuwa kinamtazama. Nyuma yake shefu wa garaji, mkuu wake, alipiga honi, akapiga tena. Mara Omer akasikia mtu anasema "Enda", akabonyeza, akaondoa kamyo. Na kabla ramorki haijagusa ardhi alikuwa amekwisha kujua kwamba mdomo uliosema ulikuwa wake.

Hakuwa amemwambia mtu.

— Kwa hiyo, Kilometa, alisema Mukalay, akishusha sauti mpaka ikasikika na wote, ukifika mbele ya komisyon usitafute maneno mengi. Sema tu juzi ulimuona Kabeya anazunguka karibu ya kamyo. Wao bataandika bingine.

— Juzi Kabeya alikuwa gare. Basoda ba jeshi walikuwa wanamuchunga.

— Ni ile njo inafanya sabotaje yake kuwa kubwa.

— Batamutoa ku treni, alisema Omer. Batamufunga.

— Kumbe, alisema Mama Fidélie. Mutu bamemufukuza aende, tena bamukamate ju anaenda.

— Ni mambo ya utawala, mama. Kila moja iko na ofisi yake. Tena yeye amekwisha kupoteza nyumba, amekwisha kupoteza kazi. Kufukuzwa kumoja zaidi kutamufanya nini? Weye, Kilometa, bado uko na usukani.

Hapo Omer alitazama kikombe kilichobaki ukutani. Kalumba pia alikitazama, akageuza macho haraka, akaanza kueleza kwamba huenda umeme wa Nzilo una mkono ndani ya jambo hili. Alikuwa amefika kwenye bwawa lenyewe, na samaki waliopita ndani ya mashine, aliponyamaza ghafla.

Mwanamke alikuwa amesimama mbele yao, kitenge kimepauka kwa vumbi la gare. Ni Mbelu, mke wa Kabeya.

— Jambo yenu, ba tata. Jambo, mama Fidélie.

— Jambo, mama, benchi lilimjibu, ubao mzima.

— Treni imekwama Tenke. Banasema kesho. Nilikuya kukamata kikombe yake, ju kule tunakunywa mu kopo moja watu wote.

Mama Fidélie alikishusha kikombe, akakifuta kwa upindo wa kitenge chake muda mrefu kuliko kilivyochafuka. Mukalay alinyoosha tai. Mbelu alikipokea kwa mikono miwili, akageuka kwenda, kisha akasimama.

— Habari ya ramorki ilifika gare asubuhi. Kabeya aliniambia niulize kintu kimoja tu. Nani alipiga mulango?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu aliyetumwa chumvi.

Kalumba alitazama ndani ya kikombe chake. Mukalay alifumba macho, akaipitia komunike yote kichwani: hewa ya kushindiliwa, usasa, nguvu kazi, mustakabali wa Kampani. Akayafumbua.

— Mulango hauko mu komunike, alisema.

— Na miguu? aliuliza Mama Fidélie polepole. Ile miguu ya chuma. Buton inaishusha?

Mama Fidélie alilichukua birika, akaliinamisha juu ya kikombe cha Mukalay. Likatoa tone moja na machicha. Omer alimwaga kahawa yake iliyopoa, akakitundika kikombe kwenye msumari wake.

— Unaenda wapi? aliuliza Mukalay. Saa bado.

— Ku komisyon. Nitabaambia hakuna mutu aliyepiga. Nilijiambia enda mi mwenyewe, na miguu ya ramorki iko juu.

— Batakufukuza, Kilometa.

— Ulisema kufukuzwa hakumufanye mutu kintu.

Alifika getini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akasimama. Hakuwa anaogopa, au haikuwa woga peke yake. Ni mwili tu uliozoea. Alingoja. Benchi nalo likangoja, bila kujua linangoja nini.

Mbelu alihamishia kikombe mkono wa kushoto, akalisogelea geti, akalipiga bati lake kwa kiganja, mara mbili.

— Enda, alisema.